Kiti cha Baba Kisikaliwe

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu, nyingi kuliko mvua zako za huko mlimani. Kama dereva wa lori la vifaa hakuisahau tena barua yangu chini ya kiti chake, basi itakukuta kabla hujaota mvi. Sisi huku tunakwenda. Paka wa jirani amezalia ndani ya kochi la mteja, lile kubwa nililolifumua juzi, nami nimemwambia mteja kwamba sponji bado haijafika. Ningefanyaje? Mzazi hafukuzwi.

Mama yuko. Zamani nilikuwa nakuandikia kwamba hajambo, na nilikuwa nakudanganya, haya nimesema. Tangu tumzike Baba alikuwa wa dirishani tu. Sahani inakwenda imejaa na inarudi imejaa. Nikiingia chumbani namkuta amekunja mashati ya Baba, halafu ameyakunjua, halafu anayakunja upya. Ukimsemesha anakutazama kwa upole, kisha anakuuliza ulisema nini.

Sasa sikia. Kampuni iliyounda gari letu imetuandikia. Wanasema magari ya aina hii yana kasoro: kiti cha mbele cha abiria kinaweza kuchomoka kwenye reli zake, na kibanio cha mkanda wake kinaweza kufyatuka ukikanyaga breki kwa nguvu. Watatutengenezea bure, lakini vipuri havijapatikana, tungoje. Na mwisho, kwa wino mzito: "Kwa sasa tunaomba kiti hicho kisikaliwe na mtu yeyote."

Nilikuwa nasoma kwa sauti, basi tu, ili nyumba isikie mtu. Nilipofika hapo Mama akageuka kutoka dirishani.

"Rudia."

Nikarudia.

"Angalau hawa wana adabu," akasema.

Umeelewa? Mama anaona wameleta rambirambi! Baba, mwalimu wa udereva mzima, ambaye gari lake mwenyewe hakuwahi kuliendesha, maisha yote yuko kwenye kiti kile. Leo kampuni kutoka ng'ambo inaandika kiti chake kisikaliwe. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Kisha nikaona yeye hacheki, na macho yake yamekuwa na mtu ndani.

Jioni ile alikula. Kesho yake akasema nimtembeze kidogo kwa gari. Alikaa nyuma kama kawaida yake, mimi nikashika usukani, kiti cha Baba kitupu. Sikumrekebisha. Wewe ungemrekebisha, nakujua, wewe ni mtu wa vipimo. Ndiyo maana nakuambia mambo yakiwa yameshapita.

Nisalimie mawingu yako.

Dada yako


2 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika na doa la grisi, lakini inasomeka. Mimi mzima. Hapa kituo cha hali ya hewa tumebaki wawili, mimi na mpishi, na mpishi ni mtu wa kuguna tu. Asubuhi ukungu unaingia mpaka chumbani. Kikombe hukioni, unahisi joto lake tu mkononi. Kila siku napanda mlingoti kusoma vyombo vya upepo, na nikifika juu natokeza kwenye jua, na chini yangu dunia yote imekuwa nyeupe na kimya. Kuna siku sitamani kushuka.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie kitindamimba wake anakula vizuri. Sehemu inayofuata usimsomee.

Dada, nimefurahi sana amekula. Lakini gari lile ni bovu. Wakisema kibanio kinafyatuka maana yake kuna mtu kilimfyatukia mahali fulani. Nenda gereji kila wiki, wasumbue, kaa mlangoni kwao. Mgeni asikae pale, mteja asikae pale, hata mfuko wa sponji usiuweke pale. Na jambo jingine: nakujua. Utaona uzi wa mkanda umelegea kidogo, mkono utakuwasha, utaingia na sindano yako. Tafadhali. Mkanda wa gari si mkanda wa suruali.

Unasema mimi ni mtu wa vipimo. Sawa. Lakini mimi pia nilifundishwa gari na Baba, akiwa kwenye kiti hicho hicho. Nakumbuka mguu wake ukikanyaga sakafu kila nilipokaribia njia panda, ingawa gari letu halikuwa na breki ya mwalimu kama lile la kazini. Mama alikuwa akimwambia, "Mume wangu, siku moja utatoboa gari." Naye anajibu, "Afadhali nitoboe gari kuliko mtu." Alichoka kushika usukani wa watu, alikuwa akisema, nyumbani anataka kubebwa.

Unajua sikumzika. Habari ilikuja kwa simu ya upepo, na mvua ilikuwa imeshaubeba mto na daraja lake. Nilikaa huku siku zile napima mvua ile ile iliyonizuia. Kwa hiyo kwangu mimi Baba bado yuko pale nilipomwacha mara ya mwisho, kwenye kiti hicho, ananipungia dirishani. Nisome hivyo nikikuambia upeleke gari.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shikamoo imefika na Mama ameipokea kwa mikono miwili. Amesema mtu anayejisifu kuwa anakula vizuri, huyo hali. Ujibu.

Nimekwenda gereji, usije ukasema nina kichwa kigumu. Yaani wale watu! Mbele kuna binti wa mapokezi mwenye kucha ndefu kuliko mkasi wangu, anabonyeza kompyuta kwa ncha ya kalamu. "Vipuri havijafika, mama." Vitafika lini? "Vikifika." Nikaambiwa nikae ningoje fundi mkuu. Nikakaa. Mdogo wangu, makochi ya pale! Springi zimekufa, sponji imekuwa unga, kitambaa kimeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake. Nilipoinuka niligeuza moja nikatazama chini yake, na fundi mkuu akanikuta nimepiga magoti kichwa kiko uvunguni. Akaniuliza nimedondosha nini. Nikamwambia, "Wewe ndiye umedondosha, hiki kiti hakina hata mshipi mmoja wa kushika springi." Tukacheka. Ni mtu mwema. Alinionyesha kiti cha gari kilichofunguliwa, akaniambia tatizo liko kwenye jino dogo la chuma linaloshika reli. Na mshono wa mkanda niliutazama kwa karibu. Loo! Uzi unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, imara kweli. Sitaugusa, tulia.

Mama sasa anataka kutoka kila alasiri. Hatuna tunakokwenda. Tunapita barabara ya shule, tunazunguka uwanja wa soko wakati watu wanafunga vibanda, tunarudi kwa njia ya reli ya zamani, kule ambako miti imekutana juu na mwanga unaingia vipande vipande. Naendesha taratibu mno, magari mengine yananipigia honi. Kabla hatujaondoka Mama ananiambia nifunge mkanda wa kiti cha mbele. Naufunga. Unalala pale juu ya kiti kitupu. Anaongea njia nzima, mpaka raha, hujawahi kusikia. Anarudi na njaa.

Kochi la paka nimelirudisha kwa mwenyewe. Paka mmoja amebaki, Mama amekataa aondoke.

Dada yako


19 Aprili

Dada, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nakula, Mama. Mpishi anayeguna ni shahidi.

Huku mvua zimeanza kweli. Zinakuja kutoka chini, huamini, zinapanda mlima badala ya kushuka. Juzi nililala na nguo za kazi nikaota gari letu linapanda njia ya kituo bila dereva, taa zimewashwa mchana, mkanda wa mbele umefungwa. Likasimama mlangoni. Nikasubiri mtu ashuke. Nilipoamka nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Mpishi akaniambia rudi ulale, na hayo ndiyo maneno marefu aliyonipa mwezi huu.

Dada, sasa mimi na wewe. Umeniandikia habari za makochi ya gereji, springi, sponji, kucha za binti wa watu. Halafu, kwa mstari mmoja, unasema Mama anaongea njia nzima. Anaongea na nani? Kama angekuwa anaongea nawe ungeniandikia alichosema, maana wewe huwezi kukaa na neno. Na kwa nini unaufunga mkanda kwenye kiti kitupu?

Usinifiche. Kama ni jambo la daktari, nieleze. Kama si la daktari, nieleze vilevile. Mtu akiwa mbali hivi, akifichwa kitu kidogo anajaza mwenyewe, na anajaza kikubwa.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Basi naandika. Mama amelala, paka amelala, na mimi sina tena kochi la kujifichia.

Anaongea na Baba.

Haongei kama mgonjwa. Anaongea kama siku zote, kutoka kiti cha nyuma, ameegemea mbele kidogo. Anamwambia nani kaoa, bei ya mkaa, kwamba mfereji wa nyuma umeziba. Anamwuliza kitu, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, kisha anasema, "Haya, ni wewe ulisema hivyo, si mimi." Anacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu mimi na wewe tuko wadogo. Ulipoandika kwamba mpishi anaguna, alimhadithia Baba, na akamwambia, "Unaona? Amekwenda mbali kote huko kupata mtu kama wewe."

Akishuka garini haongei naye. Nyumbani anajua. Nakuapia anajua. Anakula, anaoga, anafokea muuza mboga. Ni ndani ya gari tu.

Na mimi, mdogo wangu, usinicheke. Siku moja kwenye njia panda ya soko nilichelewa kidogo kushika breki, nikasikia soli ya kiatu inakanyaga kapeti pembeni yangu. Pa! Sikugeuka. Nikakanyaga polepole, kama alivyotufundisha, kana kwamba tunamwamsha mtoto. Tangu hapo nimesikia mara nyingine. Ni gari kuukuu, linagonga huku na kule, najua. Lakini sigeuki.

Sasa ndilo hili. Fundi mkuu amenipigia. Vipuri vyetu vimefika, niende wakati wowote. Sijaenda. Wakishafunga, kile kiti kitakuwa kiti tu. Mtu yeyote atakaa. Mama atauliza kwa nini watu wamekiuka, nami nitamwambia nini? Kwamba haikuwa rambirambi? Nimemuua mtu mara moja, nilipomwambia Mama pale hospitalini kwamba Baba ameondoka, maana ni mimi niliyemwambia. Sitaki kumwambia tena.

Kwa hiyo siendi. Hakuna anayekaa pale, hakuna atakayeumia. Nifokee basi, lakini nifokee mimi, Mama usimtaje.

Dada yako


20 Juni

Mdogo wangu,

Lori limekuja na kurudi, limekuja tena, hakuna barua yako. Nilimwuliza dereva, akatazama pembeni akasema yeye anabeba mifuko, hasomi. Umekasirika? Ukikasirika andika kwamba umekasirika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo siuwezi.

Mama anakuulizia. Nimemwambia ni mvua. Mimi na wewe tunaitwika mvua mizigo mingi.

Nikuambie yaliyotokea, maana nikikaa nayo nitapasuka. Juma lililopita tulikuwa tunarudi, barabara imelowa, mwanga mzuri wa dhahabu, Mama anaongea. Mwendesha baiskeli akakatiza. Sikukanyaga polepole. Nilikanyaga kwa mguu wote. Gari likasimama, baiskeli ikapita salama, lakini kiti cha Baba kilichomoka. Kilikwenda mbele chote, kikajigonga kwenye dashibodi, na mkanda nilioufunga mwenyewe ukafyatuka ukanipiga begani.

Mama akapiga ukelele, "Mume wangu!" Akarusha mkono kumshika bega. Hakukuwa na bega. Mkono ukapita hewani mpaka kwenye kioo cha mlango, na pete yake ikakigonga.

Tulikaa pale magari yakitupita. Nikamwuliza, "Mama, umeumia?" Akasema hapana.

Ungedhani kesho yake nilikwenda gereji. Aka! Nilirudisha kiti mahali pake, nikakifunga chini kwa mishipi ya makochi, ile mipana ninayoweka chini ya springi, nikaikaza kwa koleo langu na fundo la kazi. Kwa kochi ni imara, mtu mnene anarukia. Kwa gari ni upuuzi na ninajua ni upuuzi. Tumetoka mara chache tangu hapo. Mama anaongea, lakini maneno yamepungua, na kila akimaliza sentensi anatazama mkono wake.

Niandikie. Hata kama ni tusi.

Dada yako


9 Julai

Dada, shikamoo.

Samahani kwa mwandiko. Naandika nikiwa chali, karatasi iko kwenye trei ya wagonjwa.

Sikukasirika. Nilianguka. Mwanzoni mwa Mei nilipanda mlingoti asubuhi, ukungu mzito, nikatokeza juu kwenye jua, na nikakaa pale kuliko inavyotakiwa, nikitazama ule weupe. Wakati wa kushuka, ngazi moja ilikuwa na barafu. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mpishi akinibeba mgongoni mteremko mzima, na njia nzima anaongea, Dada, anaongea kama redio, mpaka nikadhani nimekufa.

Mguu umevunjika mahali pawili. Niko hospitali ya wilaya chini ya mlima, plasta kutoka kidoleni mpaka kwenye nyonga. Nilimwapisha dereva wa lori asiseme. Nilijiambia Mama amezika mume juzi, asiletewe mwana aliyevunjika. Mficha maradhi, kilio humuumbua, haya, kimeniumbua. Nilitaka kuandika baada ya kupona. Lakini siponi haraka, na wodi hii ina dirisha moja linalotazama ukuta. Nimelia huku, nakwambia wewe tu. Namlilia Baba kama mtu aliyepata habari leo asubuhi. Nataka kuja nyumbani.

Daktari ameniruhusu, kwa sharti moja: mguu unyooke muda wote. Basi haliwezekani. Lori litaniua kwa mashimo. Kiti cha nyuma mguu hauenei. Anasema pawe na gari dogo, nikae mbele, kiti kisukumwe nyuma mpaka mwisho, na mkanda unaoshika kweli. Bila hivyo, nibaki hapa mpaka plasta itolewe, huenda mwezi wa kumi, huenda baadaye.

Barua yako ya Mei niliisoma kwenye kitanda hiki. Sikujibu kwa sababu sikujua nikujibu kama mtu wa vipimo au kama mtoto wa Baba. Nilipofika pale ulipoandika kwamba unasikia kiatu, niliisoma tena na tena. Nilikuonea wivu.

Sasa nakuomba kiti. Sijui hata namwomba nani. Kama ni wewe, nakuomba. Kama ni Mama, mwambie polepole. Kama ni Baba, Mama amwombe kwa niaba yangu, yeye ndiye anayesikilizana naye. Mwambie mwanawe mguu haukunjiki.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Mshenzi wewe. Miezi yote hiyo chali, halafu unaniambia habari za barafu kwenye ngazi! Ukifika nitakupiga mguu mzima. Mungu amrehemu mpishi, namaanisha ambariki, unaona sasa unanichanganya.

Nilimsomea Mama barua yote. Sikuruka neno, hata yale yangu ya Mei uliyoyataja. Nilisoma huku namtazama kwa chati. Alikuwa amempakata paka. Nilipofika kwenye plasta mkono ulisimama. Nilipofika pale unaposema Baba aombwe, alimweka paka chini, akainuka, akaenda chumbani kwake. Siku ile hakutaka gari. Siku iliyofuata vilevile. Sahani ikaanza kurudi imejaa. Nikasema basi, nimemharibia, nimewapoteza wazazi wote wawili.

Jumatatu asubuhi nilikuwa karakanani, mlango wazi, napigilia kitambaa cha kiti, misumari midogo imejaa mdomoni kama ninavyoishika. Mama akatoka ameoga, amevaa gauni lake la kutokea. Hakuniona, au aliniona. Akaenda kwenye gari. Akafungua mlango wa mbele, upande wa Baba.

Akasimama ameushika mlango, kama alivyokuwa akiushika siku zote Baba alipokuwa anashuka. Unakumbuka magoti yake. Mguu mmoja nje, kupumzika, kulalamika kidogo, kisha wa pili. Mama alingoja kiasi kile kile. Jua lilikuwa limeingia ndani ya gari mpaka kwenye kapeti. Halafu akarudi nyuma hatua moja, kama unavyompisha mtu. Akaangalia njia ya kwenda getini, akaiangalia mpaka mwisho wake. Kisha akafunga mlango, taratibu sana.

Akaja karakanani akasimama mbele yangu.

"Fundi wangu," akasema, "baba yenu amekufa."

Nikatema misumari mkononi. "Ndiyo, Mama."

"Amekufa kweli."

"Amekufa, Mama."

Hapo ndipo akalia. Hospitalini hakulia, msibani hakulia, watu walisemaje, unakumbuka nilikuandikia. Alilia Jumatatu, kwenye kochi la mteja lisilo na kitambaa, amelala kifuani kwangu, na vumbi la sponji likitushika nywele. Mimi nililia pia. Niliumia sana, na nilikuwa na raha, siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hapo. Jirani alichungulia akarudi zake.

Alipomaliza aliniomba mkasi, nikampa mkubwa. Tukaenda tukaikata mishipi yangu, yeye upande mmoja mimi mwingine, tukalipeleka gari gereji mchana ule ule. Fundi mkuu alipoona alama za koleo sakafuni alinitazama tu, akatikisa kichwa. Nikamwambia aseme neno moja tu, nami nitarudi uvunguni mwa makochi yake. Reli ni mpya, jino lile la chuma ni jipya, kibanio ni kipya. Nimekaa mimi mwenyewe kwenye kiti, nikajirusha mbele kwa uzito wangu wote, na uzito wangu unaujua. Mkanda umeshika. Nimekisukuma nyuma mpaka mwisho. Mguu wako utaenea.

Tunakuja Jumamosi, na barua hii nampa dereva wa lori, safari hii nimemwambia nitamshonea kiti chake bure akiifikisha, nitamshona mdomo asipoifikisha. Mwambie daktari akuandae asubuhi. Mama atakaa nyuma yako, amesema atakushika bega kwenye mashimo.

Na amesema tusije moja kwa moja nyumbani. Nilimwambia mgonjwa atachoka, Mama, tumlaze kwanza. Akasema, "Huyu hakumzika baba yake. Nami nilikuwepo, sikumzika. Tupitie kwanza aliko, tumzike, ndipo twende nyumbani tukale."

Dada yako